Punda, Rivasi na Nafasi ya Mwisho

Kuna punda mmoja wa Uingereza ambaye wanafunzi wa sheria wa Dar es Salaam na Nairobi wanamfahamu vizuri kuliko mawaziri wengi wa zamani. Jina hana. Mwenye punda aliitwa Davies, na kesi yake dhidi ya bwana Mann iliamuliwa mwaka 1842. Davies alimfunga punda wake miguu ya mbele, akamwacha ale majani kando ya njia ya watu wote. Mkokoteni mkubwa wa Mann, unaovutwa na farasi 3, ukaja ukiteremka kwa kasi, mwendeshaji wake akiwa anatembea nyuma kidogo ya wanyama. Punda amefungwa, akimbilie wapi? Akagongwa, na haukupita muda akafa.

Mimi si mwanasheria. Ni mwandishi wa habari niliyekaa miaka kadhaa kwenye mabenchi ya mahakama nikiandika habari za kesi, na huko nikaokota ulevi wa kusoma ripoti za kesi za zamani kama wengine wasomavyo hadithi fupi. Hii ya punda ni hadithi fupi kamili. Wahusika wachache, mahali pamoja, na swali ambalo ukilisikia mara moja halikutoki: nani alaumiwe, aliyemwacha mnyama njiani au aliyemgonga?

Kabla ya punda jibu lilikuwa rahisi na katili. Mwaka 1809, mjini Derby, bwana Forrester alikuwa akikarabati nyumba yake, akaweka mti ukaziba sehemu ya barabara. Jioni, saa ambayo watu walikuwa ndio wanaanza kuwasha mishumaa, Butterfield akatoka kilabuni, akapanda farasi wake na kumpiga mbio. Akaugonga ule mti, akaanguka, akaumia. Mahakama ikasema mwanga ulikuwa bado unatosha, na kama angekwenda taratibu angeuona. Basi hapati kitu. Si nusu, si robo. Uzembe wako kidogo ulifuta uzembe wote wa mwenzako.

Kwa kanuni hiyo Davies naye alipaswa kurudi nyumbani mikono mitupu, maana nani alimtuma amfunge punda na kumwacha njiani? Lakini Jaji Parke hakukubali. Alisema, kwa maneno yangu, kwamba hata kama punda hakuwa na haki ya kuwa pale, mwenye mkokoteni alipaswa kwenda mwendo ambao ungemwezesha kuepusha madhara. La sivyo mtu angeweza kumkanyaga hata aliyelala barabarani kisha akajitetea kwamba huyo ndiye aliyekosea kulala pale. Kutokana na hukumu hii wanasheria wakajenga kanuni ya nafasi ya mwisho. Usiulize tu nani alianza kukosea. Uliza pia nani alikuwa na nafasi ya mwisho ya kuzuia ajali.

Punda huyu alinijia kichwani mwaka jana kwenye maegesho ya supamaketi moja hapa Dar. Kijana wa teksi mwenye IST alikuwa anatoka rivasi, amebanwa katikati ya magari mawili marefu. Kijana wa paking alikuwa nyuma akimwita, "Njoo, njoo, njoo, kata kulia, njoo." Gari likiwa limeshatoka zaidi ya nusu, taa nyeupe zinawaka, likatokea V8 kwenye njia ya katikati. Puu! Bampa la V8 likazama kwenye ubavu wa nyuma wa IST.

Kamati ikaundwa palepale, si unaijua ile kamati ya wapita njia? Hukumu ilichukua dakika moja. "Ulikuwa unarudi nyuma, mdogo wangu. Hapo huna kesi." Kijana akajaribu: "Shikamoo mzee wangu. Mimi nimeshatoka, taa zinawaka, hukuniona kweli?" Mzee akaitikia marahaba, halafu akasema yeye alikuwa kwenye njia yake. Yule wa "njoo, njoo" alikuwa ameshageukia gari lingine. Kumwita trafiki kungekula siku nzima, na kijana alikuwa na hesabu ya kumpelekea tajiri jioni, kwa sababu gari si lake. Akatoa shilingi 80,000 za bampa la mzee. Ubavu wa IST akabaki nao yeye.

Nilichojiuliza ni hiki: ile sentensi ya kamati, kwamba anayerudi nyuma hana kesi, imetoka wapi?

Sehemu yake imetoka kwenye chuma chenyewe. Gari la kwanza la Karl Benz, la mwaka 1886, halikuwa na gia ya rivasi kabisa. Miaka 10 baadaye Uingereza ikatoa kanuni kwamba gari lenye uzito unaozidi kama kilo 250 lazima liweze kwenda mbele na nyuma. Angalia mpangilio: sheria ilidai gari liweze kurudi nyuma wakati hakuna aliyefikiria dereva atatazama na nini. Kwenye Ford Model T, rivasi ilikuwa pedali ya katikati kati ya pedali 3, na petroli ilishuka kwa uzito wake tu kutoka kwenye tangi, kwa hiyo kwenye mlima mkali watu walipanda kinyumenyume ili injini isikose mafuta. Hebu vuta picha.

Kioo kilichelewa. Dorothy Levitt, dereva wa mashindano, aliwashauri wanawake katika kitabu chake cha 1909 wabebe kioo cha mkono na kukiinua mara moja moja waone nyuma. Mwaka 1911, kwenye mbio za kwanza za maili 500 za Indianapolis, Ray Harroun alikimbia peke yake wakati wenzake walikuwa na fundi pembeni wa kuwatazamia nyuma. Walipolalamika akafunga kioo, na mbio akashinda. Baadaye alikiri kwamba kile kioo kilitetemeka sana kwenye barabara ya matofali hata hakuona cha maana. Kijitabu cha kwanza cha kanuni za barabarani cha Uingereza, cha 1931, hakikutaja kioo hata mara moja.

Kwa hiyo anayerudi nyuma alijulikana tangu mwanzo kuwa nusu kipofu, na sheria ikamwekea mzigo wa kipofu mwenye nguvu: usisogee mpaka uhakikishe. Mkataba wa Vienna wa 1968 kuhusu usafiri wa barabarani unasema hivyo waziwazi: anayetaka kurudi nyuma ahakikishe kwanza kwamba hatahatarisha wala kuwazuia wengine. Mimi sina ugomvi na kanuni hii. Kuitwa "njoo, njoo" hakukuondolei wajibu wako, usukani uko mikononi mwako.

Ugomvi wangu ni na kamati, inayoifanya kanuni hiyo kuwa mwisho wa maswali. Kamati inahukumu kama mwaka 1809: ukishakuwa na kosa lako, la mwenzako limefutika.

Mabaharia walikataa hesabu hiyo mapema. Katika mahakama za bahari za Uingereza, meli mbili zikigongana na zote zina makosa, hasara ilijumlishwa na kukatwa katikati, nusu kwa nusu, hata kama mmoja alikosea kidogo na mwingine sana. Sheria ya mwaka 1911 ikaruhusu kugawa kwa kiwango cha kosa la kila mmoja. Marekani iling'ang'ania nusu kwa nusu mpaka 1975. Barabarani Uingereza ilisubiri hadi 1945, ndipo sheria ikasema uzembe wa mdai hautafuta dai lake bali utalipunguza kwa kadiri jaji atakavyoona ni haki. Tanganyika ilikuwa imerithi sheria ya kimahakama ya Uingereza kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, Kenya kama ilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897. Punda alikuwa ameshaingia bandarini kitambo. Ule mgawanyo wa 1945 haukuweza kuingia na mzigo uleule, ulihitaji sheria nyingine.

Watu wa bima leo wanafikiri kama mabaharia. Magari mawili yakitoka rivasi kwa wakati mmoja kutoka safu zinazotazamana, yakagongana matako, mara nyingi wanaanzia nusu kwa nusu. Moja likiwa limesimama, lawama inaelekea kwa lililokuwa linatembea, na ndiyo maana kila dereva aliyegongana paking huanza na maneno "mimi nilikuwa nimesimama." Mmoja akiwa kwenye njia na mwingine anatoka kwenye nafasi yake, mzigo mkubwa unakwenda kwa anayetoka. Mkubwa, si wote.

Maana rudi kwenye IST yetu na uulize swali la punda. Kijana, akiwa amezibwa kulia na kushoto, alikuwa anaona nini? Vioo vyake vilimwonyesha milango ya majirani. Mzee wa V8 alikaa juu, mbele yake peupe, na nyuma ya gari ilikuwa imeshajaa nusu ya njia yake. Nani alikuwa na nafasi ya mwisho? Kwa maoni yangu, aliyekuwa anakwenda mbele. Simwondolei kijana kosa lake. Ningekuwa jaji ningempa labda nusu, labda zaidi kidogo. Lakini ule ubavu wa IST haukupaswa kuwa wake peke yake, na kamati haikumuuliza mzee hata mwendo aliokuwa nao.

Halafu kuna eneo lenyewe. Maegesho ni barabara? Mwaka 1998 mahakama ya juu ya Uingereza, kwenye kesi ya Cutter, ilisema hapana: barabara ni ya kukufikisha mahali, maegesho ni mahali penyewe pa kuacha gari. Maana yake, bima ya lazima, hii tunayoiita bima ndogo, haikubana humo, kwa sababu sheria ilitaja barabara tu. Mwaka 2000 wakaongeza maneno "au mahali pengine pa umma". Lakini kosa la uzembe kati ya mtu na mtu halijawahi kungoja lami wala kibao. Punda wa Davies angekuwa na kesi hata kwenye uwanja wa mnada.

Kuna ajali za rivasi ambako swali la nani alaumiwe linakwama. Mwaka 2002, New York, mtoto wa miaka 2, Cameron Gulbransen, aliuawa na gari lililokuwa linarudi nyuma nje ya nyumba yao. Aliyekuwa kwenye usukani ni baba yake. Gawa asilimia hapo. Sheria yenye jina la mtoto huyo ilitiwa saini mwaka 2008, na kazi iliyompa waziri wa uchukuzi wa Marekani ilikuwa ya kiufundi kabisa: apanue eneo ambalo dereva anapaswa kuliona nyuma ya gari. Mamlaka ya usalama barabarani ilikadiria kwamba ajali za kugongwa na gari linalorudi nyuma ziliua watu kama 210 kwa mwaka nchini humo, na asilimia 31 ya waliokufa ni watoto chini ya miaka 5. Kanuni ikatoka mwaka 2014. Tangu Mei 2018 kila gari jipya dogo linalouzwa kule lazima liwe na kamera inayoonyesha futi 10 kwa upana na futi 20 kwenda nyuma, moja kwa moja kutoka kwenye bampa.