Mgongano wa Maslahi: Somo la Enron

Mgongano wa maslahi ni istilahi inayotajwa kila siku na kueleweka nusu. Kwenye taarifa ya habari huisikii mpaka fedha ziwe zimekwisha kupotea: mkurugenzi ameipa zabuni kampuni ya shemeji yake, bei imepandishwa, ndipo mtangazaji anatuambia kulikuwa na mgongano wa maslahi. Msikilizaji anabaki akidhani kwamba hilo ni jina la heshima la wizi. Wizi una jina lake, rushwa ina jina lake, na upendeleo una jina lake. Mgongano wa maslahi huanza mapema kuliko vyote hivyo, wakati hakuna hata senti iliyoguswa, na huweza kumkuta mtu ambaye hajafanya kosa lolote.

Maslahi ni neno zuri. Asili yake ni Kiarabu, na mzizi wake ndio uliotupa pia suluhu na usuluhishi. Maana yake ya ndani ni jambo lenye kheri kwa mtu au kwa watu. Walimu hudai maslahi yao, na viongozi huapa kulinda maslahi ya taifa. Wapo wanaoandika masilahi, na maana haibadiliki. Kwa hiyo mtu kuwa na maslahi si aibu. Kila mkurugenzi ana watoto wa kusomesha, ana hisa mahali, ana rafiki mwenye biashara. Tatizo huja pale mtu aliyekabidhiwa kulinda maslahi ya wengine anapokuwa na maslahi yake binafsi katika jambo lile lile analopaswa kuliamua.

Neno linalotupotosha ni mgongano. Magari hugongana, na kishindo husikika hadi mtaa wa pili. Watu wawili hugongana mlangoni. Neno hili hutufanya tutafute pande mbili zinazopambana, na tukiona watu wanacheka pamoja kwenye kikao tunasema hapa hakuna mgongano. Kumbe maslahi yanayogongana yamo ndani ya mtu mmoja, kimya kimya, na mwenyewe huenda analala usingizi wake vizuri. Baadhi ya waandishi wamejaribu ukinzani wa maslahi, na kwa kweli neno hilo linaikaribia zaidi hali yenyewe. Lakini mgongano ndilo neno lililokwishaingia katika sheria, katika magazeti na katika mafunzo ya Sekretarieti ya Maadili ya Viongozi wa Umma nchini Tanzania. Sioni faida ya kuling'oa. Faida ipo katika kulieleza, na sijui kisa kinacholieleza vizuri kuliko cha Enron.

Enron ilikuwa kampuni ya nishati yenye makao makuu Houston, Texas, iliyozaliwa mwaka 1985 kutokana na muungano wa kampuni mbili za mabomba ya gesi. Chini ya Kenneth Lay na Jeffrey Skilling ilitoka kwenye mabomba ikawa mchuuzi mkubwa wa gesi, umeme na mikataba ya kila aina. Mkakati wake wa kukua ulikuwa wa kasi, na hisabati zake zilikuwa za hatari. Mkataba wa miaka mingi ukisainiwa leo, faida inayotarajiwa kwa miaka yote hiyo iliandikwa vitabuni leo, ingawa fedha taslimu zilikuwa bado hazijaingia. Mwaka uliofuata ilibidi faida iwe kubwa zaidi, la sivyo bei ya hisa ingeshuka. Na ili wakopeshaji wasiogope, madeni yalipaswa yasionekane mengi.

Hapo ndipo anapoingia Andrew Fastow, ofisa mkuu wa fedha. Mwaka 1999 alipendekeza kuanzisha ubia uliopewa jina LJM, herufi za kwanza za majina ya mkewe na wanawe wawili. LJM ingekusanya fedha za wawekezaji wa nje na kununua kutoka Enron mali ambazo Enron ilitaka ziondoke kwenye vitabu vyake. Msimamizi wa LJM angekuwa Fastow mwenyewe. Yaani mtu aliyelipwa na Enron ili auze kwa bei ya juu ndiye ambaye, kwa upande wa LJM, angefaidika akinunua kwa bei ya chini.

Kanuni za maadili za Enron zilikataza jambo hilo, isipokuwa uongozi wa juu uridhike kwamba kampuni haitadhurika. Uongozi ukaridhika, na mwezi Juni 1999 bodi ikabariki. Mwezi Oktoba ikabariki tena LJM ya pili. Wajumbe walikuwa watu wenye elimu na majina makubwa, na hakuna aliyewaficha kwamba Fastow angekaa pande zote mbili za meza. Mgongano ulikuwa mbele yao mchana kweupe. Walichoamini ni kwamba utadhibitiwa: maofisa wawili waandamizi wangekagua kila muamala, na kamati za bodi zingepitia mara moja kwa mwaka.

Udhibiti huo ulikuwa karatasi. Kila muamala na LJM ulikuwa na fomu ya idhini, yenye maswali yaliyokwisha kuchapwa na nafasi ya saini. Tume iliyoundwa na bodi, chini ya William Powers, ilipozichunguza fomu hizo baadaye ilikuta nyingi hazina saini ya Skilling. Tume hiyo ilikuta pia kwamba katika nusu ya pili ya mwaka 1999 Enron iliziuzia LJM hisa katika mali saba, na baada ya vitabu kufungwa ikanunua tena tano kati ya hizo, nyingine ndani ya miezi michache tu. Huo si uuzaji. Ni kuzihamisha mali chumba cha pili wageni wanapopita.

Lakini kinachonigusa zaidi ni mambo ya wafanyakazi wa kawaida. Waliokaa mezani kujadiliana bei na LJM kwa niaba ya Enron walikuwa wakiripoti kwa Fastow, na tathmini zao za kazi zilipita mikononi mwake. Ukimbana sana mnunuzi, unambana bosi wako. Mwezi Machi 2000 mweka hazina, Jeffrey McMahon, alikwenda kwa Skilling na maelezo aliyoyaandika kwa mkono, akilalamika kwamba Fastow amevaa kofia mbili na kwamba yeye amebanwa katikati. Wasomaji wetu wanaijua lugha hiyo ya kofia mbili, maana hutumika sana kwenye siasa zetu. Haukupita muda mrefu McMahon akahamishiwa idara nyingine. Hakuna aliyeiba kitu mbele ya macho yake siku ile. Alichokiona ni kwamba hali yenyewe imeharibika, na hiyo ndiyo maana halisi ya istilahi yetu.

Matunda yalikuja. Katika mpango mmoja, taasisi ya familia ya Fastow iliweka dola 25,000 na ndani ya miezi miwili hivi ikapata dola milioni 4.5. Bodi iliyodhani inadhibiti haikuwahi kumuuliza kwa uzito ameingiza kiasi gani. Wajumbe wawili walipomuuliza hatimaye, mwezi Oktoba 2001, jibu lilikuwa dola milioni 45. Siku iliyofuata aliondolewa kwenye wadhifa wake, na tarehe 2 Desemba 2001 Enron iliomba kinga ya kufilisika. Maelfu ya wafanyakazi walipoteza kazi, na wengi wao walikuwa wameweka akiba ya uzeeni katika hisa za kampuni hiyo hiyo.

Mshika mbili moja humponyoka, na ya Fastow iliyomponyoka ilikuwa Enron. Alihukumiwa kifungo cha miaka sita. Hata hivyo naona si haki kumtwisha yeye peke yake mzigo wote, kwa sababu mkakati wa kukua kwa kasi ulimhitaji. Bila LJM, faida za robo mwaka zisingetimia. Bodi ilisamehe mgongano kwa kuwa mgongano ulikuwa na tija.

Kwa hiyo istilahi hii haisimami peke yake. Ina jamaa zake. Wa kwanza ni kutangaza maslahi, usemi ambao wabunge wa Tanzania wameuzoea: mjumbe husema kabla ya kuchangia kwamba jambo hili linamgusa. Wa pili ni kujitoa: baada ya kutangaza, anatoka nje, hachangii wala hapigi kura. Fastow alitangaza, tena waziwazi. Hakujitoa. Kutangaza bila kujitoa kulimpa kinga ya kusema kwamba wote walijua. Nchini Kenya, Katiba ya mwaka 2010 katika Sura ya Sita inamtaka ofisa wa serikali aepuke mgongano kati ya maslahi yake binafsi na majukumu ya umma, na mwaka 2025 ikapatikana sheria mahsusi ya jambo hilo. Makampuni yetu makubwa na vyama vyetu vya akiba na mikopo vinahitaji ukali huo huo.

Nanyi mnaotafsiri kanuni za makampuni kwa Kiswahili, msiishie kwenye ile sentensi moja ya kwamba wajumbe waepuke mgongano wa maslahi. Enron nayo ilikuwa na sentensi kama hiyo. Andikeni mjumbe atamwambia nani, lini, kwa maandishi gani, atatoka nje ya chumba saa ngapi, na katibu ataandika nini kwenye muhtasari wa kikao. Na kile kifungu cha isipokuwa, kifuteni.