Kutoka hisa za reli ya Kabalo hadi kapu la hisa: kalamu ya serikali

Reli iliyoondoka Kabalo, nchini Kongo, kando ya mto Lualaba, ikafika Ziwa Tanganyika mwaka 1915 baada ya kilomita 273, haikujengwa kwa chuma na jasho tu. Ilisimama pia juu ya vifungu vya mkataba. Kampuni ya reli ya CFL, aliyoianzisha Mbelgiji Édouard Empain mwaka 1902, ilipata wanunuzi wa hisa Ulaya kwa sababu dola ya Kongo ya Leopold II, mfalme wa Ubelgiji, iliwadhaminia riba ya asilimia 4 hata treni ikienda tupu, na kampuni yenyewe ikaahidiwa hekta milioni 4 za ardhi. Ardhi hiyo ilikuwa na wenyewe, nao hawakuulizwa. Mnunuzi hakuhitaji kujua mto Lukuga, ambao reli iliufuata, unapita wapi. Alichonunua hasa ni ahadi ya serikali.

Nairejea historia hiyo kwa sababu njia ya uwekezaji inayosifiwa sana Marekani leo nayo ni mtoto wa sheria, ingawa husimuliwa kama ushindi wa kompyuta. Mwaka 1976 John Bogle wa kampuni ya uwekezaji ya Vanguard aliwafungulia watu wa kawaida mfuko unaofuata faharisi ya soko: unanunua kipande kimoja, unapata kapu zima. Njia hii mpya inalifungua kapu. Mtu anamiliki hisa za kila kampuni kwa jina lake, hivyo soko likipanda huku kampuni kadhaa zikishuka, anauza zilizoshuka, ananunua nyingine zinazofanana nazo, na hasara ile inapunguza faida inayotozwa kodi. Ikizidi faida, inaweza kupunguza mapato yake mengine hadi dola 3,000 kwa mwaka. Serikali iliuona mwanya huo mapema: tangu 1921 sheria inaikataa hasara ya anayenunua tena hisa ileile ndani ya siku 30 kabla au baada ya kuuza. Tena, kwa sehemu kubwa kodi haifutwi, inasogezwa mbele, kwa kuwa hisa mbadala imenunuliwa kwa bei ya chini na faida yake itakuwa kubwa siku ya kuuzwa.

Kuna atakayeuliza kwa nini tusifanye hivyo Nairobi, ambako faharisi ya soko la hisa, NSE 20, ina kampuni chache ambazo mtu anaweza kuzinunua zote mwenyewe. Kununua anaweza. Lakini Kenya haitozi kodi ya faida kwa hisa zilizoorodheshwa sokoni, kwa hiyo hasara haina kodi ya kupunguza, na kila kuuza na kununua kunamlipa dalali. Kongo yenyewe haina soko la hisa. Pingamizi lenye uzito zaidi ni la ndugu zetu wanaoishi Marekani, ambao kodi hiyo inawahusu kweli. Kwao njia hii ina maana, mradi hisa ziwe nje ya akiba ya uzeeni, maana ndani yake faida ya mauzo haitozwi kila mwaka na hasara haihesabiwi.

Wala msamaha wa Kenya si mwamba. Kodi ya faida ya mtaji ilisimamishwa mwaka 1985, ikarudi 2015 kwa asilimia 5, na tangu 2023 ni asilimia 15, ingawa hisa za sokoni zimeachwa nje. Anayenunua hisa leo Nairobi atunze karatasi za bei na tarehe ya kila ununuzi.