Hatukatai Kulipia Shule, Tunakataa Kuchezewa

Kila mara watu wa Thika na Ruiru wakipinga kodi mpya, hakosi mheshimiwa wa kuuliza: "Sasa mnataka shule ziendeshwe na pesa gani?" Swali si baya. Lakini anayeuliza hivyo hajui historia ya hapa kwetu. Hebu turudi nyuma kidogo.

Miaka ya 1920, ardhi kubwa kati ya Ruiru na Thika ilikuwa mashamba ya walowezi, kahawa na mkonge. Mwafrika alilipa kodi ya nyumba na ya kichwa, na kura hakuwa nayo. Kodi ilipopandishwa hadi shilingi 16, Harry Thuku akaipinga waziwazi, pamoja na kipande na kukatwa kwa mishahara. Machi 1922 akakamatwa. Watu wakakusanyika Nairobi kudai aachiliwe, wakapigwa risasi. Baadaye mwaka huo kodi ikashushwa hadi 12.

Sasa sikia hii. Walowezi walikuwa na kura tayari. Nao walipoletewa kodi ya mapato walipiga kelele mpaka ikafutwa 1922, na haikurudi hadi 1937. Hakuna hata mmoja wao aliyepigwa risasi. Kwa hivyo ukiambiwa kukataa kodi ni tabia ya vijana wa siku hizi, jua wapiga kura wa kwanza kukataa kodi nchini hii walikuwa matajiri.

Na shule? Miaka ya 1930 wazazi wa Kiambu, wakiendelea kulipa kodi ya mkoloni, walijenga shule zao huru kwa mifuko yao na mikono yao. Mwaka 1939 Mbiyu Koinange akafungua chuo cha walimu Githunguri, si mbali na Ruiru. Marika yalichanga, kila rika likitaka lisipitwe na lingine. Mwaka 1952 hali ya hatari ikatangazwa na serikali ikakifunga. Hebu niambie, hao ni watu wasiotaka kulipia elimu?

Baada ya uhuru moyo uleule ukaitwa Harambee. Kufikia miaka ya 1970, shule za sekondari za Harambee zilikuwa nyingi kuliko za serikali. Lakini hapo ndipo siasa ikaingia na bahasha. Mama wa soko akitoa shilingi zake, anaandikwa kwenye daftari basi. Mheshimiwa akitoa, anashika maikrofoni, anapigiwa makofi na kura anaondoka nayo. Darasa ambalo lingejengwa kwa kodi yetu likageuka zawadi yake.

Tuje karibu. Mwaka 2021 IEBC ilipendekeza kikomo cha shilingi bilioni 4.4 kwa kampeni ya mgombea urais mmoja. Bunge likakataa kanuni hizo, tukaingia uchaguzi wa 2022 bila kikomo chochote. Tufanye hesabu basi. Mgao wa mwanafunzi mmoja wa sekondari ulikuwa shilingi 22,244 kwa mwaka. Bilioni 4.4 zingelipia wanafunzi zaidi ya 197,000. Na hiyo ni kampeni ya mtu mmoja, tena kwa kikomo ambacho wabunge waliona kinawabana!

Juni 2024 vijana tukakataa Mswada wa Fedha, Thika ikasimama, na usiku wa Juni 25 risasi zikasikika Githurai. Kesho yake rais akakataa kuutia sahihi. Serikali ikasema pesa za kuajiri walimu wa JSS zimeenda na mswada huo. Mwaka uliofuata Waziri wa Fedha John Mbadi akawaambia wabunge kwamba mgao kamili wa 22,244 hauwezekani.

Sitawadanganya: pengo hilo ni la kweli, na wanaolibeba ni wazazi wanaoambiwa na mwalimu mkuu waongeze kidogo. Shule haziendeshwi na hashitegi, na kodi lazima ilipwe. Lakini huwezi kuniambia nchi haina pesa ya chaki ilhali kila wikendi kuna helikopta na noti za kugawa.

2027 inakuja, na bahasha zitashuka Ruiru na Thika kama mvua. Mheshimiwa akifika kwenye harambee ya shule yako, muulize mawili tu mbele ya watu: alipigaje kura kuhusu mgao wa wanafunzi, na yuko tayari kampeni iwekewe kikomo? Makofi yangoje jibu.