Maandishi Juu ya Gome la Dawa

Msomaji, simama siku moja karibu na mwembe mkongwe, ulitazame gome lake mahali palipo laini. Huenda ukaona baka la kijivu, na juu yake vistari vyeusi vilivyopinda na kutawanyika, mfano wa mwandiko wa mtu mwenye haraka. Hakuna aliyeandika. Hiyo ni kuvumwani. Linnaeus wa Uswidi aliiingiza moja ya namna hii katika kitabu chake mwaka 1753, akaiita Lichen scriptus, yaani iliyoandikwa.

Nyingi za zile za nchi za joto zilifika mbele ya wataalamu wa Ulaya kwa njia ya ajabu, nazo ni dawa. Gome la mkwinini, mti wa milima ya Andes huko Amerika ya Kusini, ndilo lililokuwa tegemeo la wagonjwa wa malaria. Liliuzwa ghali, na penye bei kubwa hapakosi hila: magome ya miti mingine yaliuzwa kwa jina lile lile. Mgonjwa aliyepewa gome lisilofaa alikunywa uchungu bure, na homa ikaendelea kumtafuna.

Huko Ufaransa alikuwako mfamasia, Antoine Fée. Aliona kwamba magome hayo yalivuka bahari pamoja na wageni wake, kuvumwani zilizoota msituni na kukauka juu yake. Akatumaini kwamba wageni hao wangemsaidia kumtambua mwenyeji. Mwaka 1824 akaanza kuchapisha kitabu chenye picha za rangi, akaeleza humo aina nyingi ambazo hazijapata kupewa majina. Mojawapo aliiita Sarcographa cinchonarum, kwa jina la mkwinini wenyewe.

Tumaini lake halikuwa na nguvu. Kuvumwani hutazama zaidi ulaini wa gome, mwanga na unyevu kuliko jina la mti. Tena wakemia wawili wa Paris, Pelletier na Caventou, walikwisha kuitoa kwinini yenyewe katika gome mwaka 1820, na tangu hapo nguvu ya dawa iliweza kupimwa. Hata hivyo mimi namheshimu Fée: alitafuta dawa ya kweli, akafungua mlango wa elimu nyingine.

Wala hakujua wakati ule alikuwa akichora nini. Mwaka 1867 Simon Schwendener wa Uswisi alitangaza kwamba kuvumwani si mmea mmoja, bali ni kuvu na mwani wakiishi pamoja. Nylander, bingwa mkubwa wa elimu hii, alikataa katakata mpaka alipofariki mwaka 1899. Mtoto ajuaye Kiswahili asingebishana nao. Neno lenyewe limekwisha sema.

Vile vistari, basi, ni matunda ya kuvu. Ukitaka kuitambua aina yake, jicho tupu halitoshi. Kata kipande chembamba cha kistari, ukiweke chini ya hadubini, uzitafute spora, mbegu ndogo mno za kuvu. Za Graphis hazina rangi, na kwa kawaida tone la iodini huzigeuza kuwa za zambarau. Za Sarcographa, zikikomaa, ni za kahawia, nazo zimegawanywa kwa kuta za kukingama. Na vistari vyake hukusanyika juu ya kijito cheupe cheupe. Jina alilolitoa Fée mwaka 1824 lingali likitumika, ijapokuwa kuvumwani hiyo huota pia juu ya miti isiyokuwa mkwinini.