Elimu na Jembe: Mgawanyo wa Kazi katika Bustani za Mimea za Buitenzorg na Amani

Makala haya yanachunguza swali ambalo huonekana kuwa la utawala tu, ilhali ndani yake mna swali la elimu. Katika bustani ya mimea ya umma, ni nani astahiliye kuamuru: mtaalamu aijuaye mimea kwa majina na jamii zake, au mtunza bustani aijuaye kwa kuipanda na kuikuza? Tutaitazama kwanza bustani ya Buitenzorg kisiwani Java, mji ambao leo huitwa Bogor, kisha tuone jinsi historia yake inavyotugusa sisi wa Afrika Mashariki.

Bustani hiyo ilianzishwa na Waholanzi mwaka 1817 chini ya Profesa C.G.C. Reinwardt. Aliyemfuata, C.L. Blume, aliondoka mwaka 1826, na serikali ya kikoloni, kwa kubana matumizi, haikuweka mkurugenzi mwingine. Mwaka 1831 utunzaji wa bustani ulikabidhiwa J.E. Teijsmann, kijana ambaye hakupata kusoma chuo kikuu. Hata hivyo bustani haikufa. Mwaka 1837 mwanabotania J.K. Hasskarl alipendekeza mimea ipangwe upya kwa kufuata jamii zake. Teijsmann akashirikiana naye katika kazi hiyo ngumu ya kuhamisha na kupanda. Mwaka 1848 ilipandwa hapo miche 4 ya mchikichi, mti wenye asili ya Afrika Magharibi, ambao uzao wake ulikuja kuenea katika mashamba ya Kusini-Mashariki mwa Asia.

Hasara ya kutenga elimu na kazi ilidhihirika katika habari ya mti wa kwinini, dawa ya malaria. Miche aliyoileta Hasskarl kutoka Amerika ya Kusini mwaka 1854 ilitunzwa kwanza huko Cibodas. Mwaka 1856 kazi hiyo ikapewa F.W. Junghuhn, mtaalamu aliyekuwa na sifa kubwa. Yeye alipanda ndani ya kivuli cha msitu, tena akazidisha aina moja iliyokubali kuota kwa wepesi. Teijsmann aliupinga upanzi wa namna hiyo, lakini neno lake halikushinda. Aina ile ilithibitika kuwa na kwinini kidogo mno, na baada ya Junghuhn kufariki mwaka 1864, mrithi wake K.W. van Gorkom aliiacha, akapanda mahali peupe penye jua. Hatusemi kwamba mtunza bustani hakosei. Tunasema kwamba utawala haukuwa na njia ya kuupima ujuzi wake sawasawa na ule wa mtaalamu.

Mwaka 1868 bustani ilitengwa na ikulu ya Gavana Mkuu na kupewa mkurugenzi mwanasayansi, R.H.C.C. Scheffer, Teijsmann naye akapata nafasi ya kusafiri visiwani kukusanya mimea.

Mfano huo ulifika kwetu. Wajerumani walipoanzisha kituo cha Amani katika milima ya Usambara mwaka 1902, mwanabotania wao, Albrecht Zimmermann, alikuwa amekwisha kufanya kazi Buitenzorg. Hapa mgawanyo ulizidi ukali, kwa kuwa uliandamana na ubaguzi wa rangi: elimu ilihesabiwa kuwa ya Mzungu, jembe la Mwafrika.

Lakini lugha yatoa ushahidi mwingine. Wakati wa Waingereza, P.J. Greenway, mwanabotania wa Amani, alitoa mwaka 1937 kamusi ya majina ya mimea kwa Kiswahili. Majina hayo hayakuzaliwa maabarani. Yalitoka vinywani mwa watu waliozoea kuikata miti, kuipanda na kuitumia kwa tiba. Aliyeandika alikuwa mmoja, waliotaja walikuwa wengi. Mimea iliyokaushwa ya Amani ilihamishiwa Nairobi mwaka 1950, nayo ni sehemu ya urithi huo.

Kwa hiyo hatukatai kuwapo kwa ofisi mbili; bustani kubwa haiendeshwi na mtu mmoja. Tunalodai ni kwamba daftari la mimea liwe moja, na ayaonayo mtunza bustani yaandikwe humo pamoja na jina lake. Katika nchi zetu daftari hilo laweza kuandikwa kwa Kiswahili, lugha ambayo mtaalamu na mkulima huweza kuisoma bila mkalimani. Kazi ya kusanifu istilahi zake ni yetu sisi wanaisimu.