Kiti Katika Darasa la Yoga

Mtu asikiapo habari za yoga siku hizi, aghalabu humjia akilini sura ya kijana mwembamba aliyeweka mguu shingoni na uso wake mkunjufu, na yeye msikilizaji, akiwa mnene, au mzee, au ana goti lililokwisha choka, hukata shauri papo hapo kuwa mambo hayo yana wenyewe. Shauri hilo si la kipumbavu. Darasa lililozaa sehemu kubwa ya yoga ifundishwayo leo katika miji ya dunia lilikuwa, kwa hakika, la wavulana wenye viungo vyepesi, na wengineo walisimamishwa mlangoni.

Darasa hilo lilikuwa Mysore, kusini mwa Bara Hindi, katika jumba la kifalme liitwalo Jaganmohan. Mwaka 1933 Maharaja Krishnaraja Wadiyar wa Nne alimpa mwanachuoni Tirumalai Krishnamacharya ukumbi wa kufundishia, naye akawafundisha vijana mikao migumu iliyofuatana kwa mpango na kwa kipimo cha pumzi. Na kwa kuwa Maharaja alitaka elimu hiyo ienee, mara kwa mara mwalimu huyo aliwachukua wanafunzi wake kwenda kuonyesha ustadi wao mbele ya hadhara. Maonyesho hutaka mwili wa kuonyeshwa, na pale ambapo mwalimu hupimwa kwa makofi ya watazamaji, mgonjwa hana nafasi katika safu.

Mnamo 1937 alibisha hodi mtu asiyetazamiwa. Eugenie Peterson, mzaliwa wa Riga wa mwaka 1899, ambaye dunia ilikuja kumjua kwa jina la Indra Devi, alikuwa mwanamke, tena mgeni, tena anakaribia miaka 40; kila moja katika sifa hizo ilitosha kumrudisha alikotoka, na Krishnamacharya alimkatalia. Maharaja akaingilia kati. Mwalimu, asiyeweza kumkaidi mfadhili wake, alimpokea shingo upande na kumwekea masharti mazito ya chakula na ya saa, labda kwa kutumaini kuwa atachoka mwenyewe. Hakuchoka, na mwishowe mwalimu yule yule ndiye aliyemhimiza akafundishe wengine. Akafundisha Shanghai, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia akafungua darasa Hollywood, ambako Gloria Swanson na wenzake wa sinema walijifunza kwake mikao ya upole isiyomvunja mtu. Lakini Mysore penyewe palibaki vile vile, maana amri ya mfalme humwingiza mtu mmoja, wala haibadili ukumbi.

Aliyekuja kubadili ukumbi alikwisha kuwa ndani, naye alikuwa dhaifu kuliko wote. B.K.S. Iyengar alizaliwa Desemba 1918, mama yake akiwa ameshikwa na homa ya mafua iliyokuwa ikiangamiza mataifa, na katika utoto wake alipitia malaria, homa ya matumbo na kifua kikuu, hata mwili ukakonda na kichwa kikamwelemea. Dada yake alikuwa ameolewa na Krishnamacharya, na kwa ujamaa huo aliletwa Mysore mwaka 1934, si kwa kipawa chake. Shemeji yake hakumwona kuwa ni mtu wa kufundishika. Wanawake wa mji wa Dharwad walipotaka kufundishwa, kazi ilimwangukia yeye kwa sababu alikuwa mdogo kwa umri na haikuonekana kuwa ni aibu. Na mwaka 1937 akapelekwa Pune, kwa kuwa alijua Kiingereza kidogo, akawafundishe watu waliomzidi miaka, nguvu na elimu.

Huko Pune hakuwa na wa kumwuliza. Mwili wake mwenyewe uligoma kufanya aliyotakiwa kuyafundisha, ikambidi apime kila kiungo kwa taabu na kutafuta kitu cha kukiegemeza: ukuta, tofali, mkanda, kamba. Baadaye wakaanza kumjia wenye pumu, wenye maumivu ya mgongo, wajawazito na wazee. Mwaka 1952 mpiga fidla Yehudi Menuhin alionana naye Bombay, akapata nafuu, akamwita Ulaya. Na kwa urafiki wa Menuhin akamfundisha Malkia Elisabeth wa Ubelgiji, ambaye alikwisha pindukia miaka 80 na bado alishikilia kwamba lazima afundishwe kusimama kwa kichwa. Akafundishwa.

Katika vifaa vyote hivyo, kinachonistaajabisha mimi ni kiti. Ni kiti cha chuma cha kukunja, cha aina ile ile inayopangwa kwenye arusi na mikutano, ila kimetolewa ubao wa mgongo, kikabaki fremu tupu ya kupitishia miguu. Chukua mkao wa kusimama kwa mabega, ambao mtu mzito au mwenye shinikizo la damu huambiwa ausahau. Blanketi hutandikwa kitini, na takia huwekwa sakafuni mbele ya kiti. Blanketi hutandikwa kitini, na takia huwekwa sakafuni mbele ya kiti. Kisha hujishusha nyuma taratibu, mikono ikipita kati ya miguu ya mbele ya kiti na kushika ile ya nyuma, hata mabega yakatua juu ya takia na kichwa kikagusa sakafu. Sehemu kubwa ya uzito hubebwa na chuma. Shingo haina mzigo, kifua kimefunguka, na mtu ambaye asingeweza kukaa katika mkao huo hata nusu dakika huweza kukaa humo akivuta pumzi kwa raha.

Msomaji asidhani kuwa nasimulia habari za mtu mpole. Iyengar alifoka, aliwazaba watu makofi, na wanafunzi wake wa Uingereza walikuwa wakizifasiri herufi za mwanzo wa jina lake kuwa maana yake ni kupiga, teke na kofi. Nimesoma wanaomtetea wakisema kuwa ukali huo ulikuwa bidii tu; mimi siutetei. Nasema tu kwamba ni ajabu, na ni kweli, kuwa aliyeweka mahali pa mgonjwa darasani hakuwa na maneno matamu, ilhali walimu wengi wenye maneno matamu hawana hata kiti kimoja.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 wakuu wa elimu wa London waliikubali yoga ya mtindo wake katika madarasa ya jioni ya watu wazima, kwa sharti kwamba yasiingizwe mafunzo ya falsafa ya yoga. Kwetu pwani nako bado ipo shaka kwamba yoga ni ibada, na mwalimu mwenye busara huijibu kabla hajaulizwa. Mwaka 1975 Iyengar alifungua chuo chake Pune, na binti yake Geeta, aliyeugua figo tangu akiwa na miaka tisa, akaandika kitabu juu ya mazoezi ya mwanamke katika hedhi, mimba na uzee. Marekani, Matthew Sanford, aliyepooza kuanzia kifuani kwenda chini kwa ajali ya gari mwaka 1978 akiwa mtoto wa miaka 13, alijifunza kwa mwalimu wa mkondo huu, naye akawa mwalimu akifundisha kutoka kiti chake cha magurudumu.

Iyengar alifariki Pune tarehe 20 Agosti 2014, umri wake miaka 95, na Desemba ya mwaka ule ule Umoja wa Mataifa ukatangaza 21 Juni kuwa Siku ya Kimataifa ya Yoga. Siku hiyo huadhimishwa viwanjani na maelfu ya watu waliopangwa safu kwa safu, wote katika mkao mmoja kwa wakati mmoja, mbele ya watazamaji na wapiga picha, yaani kwa desturi ile ile ya Maharaja. Kwa rai yangu, kilichostahiki kuadhimishwa ni darasa la wagonjwa la Pune.