Maboma ya Maniema: Ulinzi na Anguko Kati ya Kasongo na Kabambare, 1860–1894

Nchi inayoanzia ukingo wa mto Lualaba karibu na Kasongo, ikapita Lusangi na kufika Kabambare, leo imegawanyika katika wilaya mbili za kusini mwa jimbo la Maniema, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Lakini katika nusu ya pili ya karne ya 19 ilikuwa njia moja ya biashara, na wenye nguvu njiani humo walilala ndani ya maboma. Boma, kwa maana inayotumika hapa, ni uzio wa magogo yaliyochimbiwa ardhini na kufungwa kwa kamba za magome, mara nyingi ukiwa umekandikwa udongo na kuzungukwa na handaki, ambao ndani yake huwekwa nyumba, ghala, silaha na watu. Historia ya ngome hizo imezoeleka kusimuliwa kama historia ya mizinga ya Wazungu iliyoshinda miti ya wenyeji. Maelezo hayo yana ukweli, ila hayatoshi, kwa sababu kazi ambayo boma la Maniema lilijengwa kuifanya, yaani kumzuia adui anayeparamia ukuta, liliifanya vizuri hadi siku za mwisho, na lilipoanguka, halikuangushwa na mtu aliyepanda.

Ufundi huo haukuletwa kutoka pwani. Wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili waliofika bara waliukuta tayari Unyamwezi na katika nchi zilizozunguka ziwa Tanganyika, ambako watawala walijizungushia uzio wa miti mirefu na handaki. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, ajulikanaye kwa jina la Tippu Tip, alipigana mwaka 1867 na Nsama, mtawala wa Itabwa, nchi iliyo kati ya ziwa Tanganyika na ziwa Mweru, na ushindi wake wa kwanza mkubwa ulikuwa kulitwaa boma la mtawala huyo. Katika Maniema yenyewe, Nyangwe, mji wa ukingo wa Lualaba, ilianza kuwa kituo cha biashara yapata mwaka 1860. Kabambare, ambayo David Livingstone aliiandika Bambarre, ilikuwa tayari mahali pa kupumzikia misafara alipofika huko Septemba 1869, na ndiko alikokwama tangu Julai 1870 hadi Februari 1871 kwa sababu ya vidonda vya miguu. Katikati ya miaka ya 1870 Tippu Tip alijiimarisha Kasongo, na mji huo ukakua hadi kuipita Nyangwe kwa wingi wa bustani, mashamba ya mpunga na nyumba za fahari.

Sababu ya kujenga maboma haikuwa moja. Wafanyabiashara hao na wafuasi wao, walioitwa Wangwana, yaani watu waliofuata lugha ya Kiswahili, mavazi ya pwani na kwa sehemu kubwa Uislamu, walikuwa wachache katikati ya Wabangubangu, Wazimba, Wakusu na Wasongye, na utajiri wao wa pembe za ndovu na mateka ulitokana kwa kiasi kikubwa na uvamizi wa vijiji. Tarehe 15 Julai 1871 watu wenye bunduki walifyatua risasi katika soko la Nyangwe, mbele ya macho ya Livingstone, wakaua mamia ya wachuuzi, wengi wao wanawake, ambao baadhi yao walizama mtoni wakikimbia. Watu walioishi kwa namna hiyo walikuwa na kila sababu ya kuogopa usiku. Uzio ulimzuia aliyetaka kuingia kulipiza kisasi, na ulimzuia vilevile mateka aliyetaka kutoka. Kwa hiyo ulikuwa na maadui wa pande mbili, na mlinzi wa lango alitazama nje na ndani.

Ujenzi ulikwenda kwa hatua. Msafara wa kivita ulipotua, kazi ya kwanza ya wapagazi na watumwa ilikuwa kukata matawi na kuyapanga duara kulizunguka eneo la kiongozi, shina likiwa ndani na ncha zikielekea nje, ili yeyote ajaye akutane na kichaka kilicholala kabla ya kukutana na mtu. Jeshi lilipokusudia kukaa, matawi yalibadilishwa kwa magogo yaliyosimamishwa karibu karibu, handaki likachimbwa, na udongo uliotoka humo ukarundikwa kwenye mguu wa ukuta. Hivyo kila kapu la udongo lilifanya kazi mara mbili, kwa kuwa shimo lilipozidi kwenda chini ndivyo ukuta ulivyozidi kwenda juu kwa yule aliyesimama ndani ya shimo. Kati ya magogo yaliachwa matundu ya kupitishia mitutu, na ndani yakachimbwa mashimo ya kujikinga, yaliyoezekwa kwa miti na udongo, ambamo wapiganaji na familia zao waliingia risasi zilipozidi.

Mantiki ya mpangilio huo inafahamika zaidi mtu akiikumbuka silaha yenyewe. Wapiganaji wengi walitumia gobole, yaani bunduki inayojazwa baruti na risasi kwa mdomo wa mtutu, kisha ikawashwa kwa jiwe la gumegume au kwa fataki, kidonge kidogo cha shaba kinacholipuka kinapogongwa na nyundo. Aliyekwisha kufyatua alihitaji muda wa kumimina baruti, kushindilia na kuweka fataki mpya, na katika muda huo adui mwepesi angeweza kuvuka uwanja na kuushika ukuta. Matawi yenye miba, handaki na mwinuko wa udongo havikutazamiwa kumuua mtu. Vilitazamiwa kumchelewesha mpaka gobole lijazwe tena. Ulinzi wa boma, kwa maneno mengine, ulikuwa hesabu ya muda kabla ya kuwa hesabu ya urefu wa miti.

Kwamba mpandaji ndiye aliyekuwa hatari kubwa ya kila ukuta kunathibitishwa na ngome nyingine za Afrika Mashariki. Ngome ya Yesu ya Mombasa, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, ilizingirwa na Waomani kuanzia Machi 1696, na haikutwaliwa hadi Desemba 1698, walinzi walipobaki wachache mno na washambuliaji wakapanda kuta zake. Kalenga, makao makuu ya Mtwa Mkwawa wa Wahehe, yaliyozungushiwa ukuta wa mawe na udongo, yalianguka tarehe 30 Oktoba 1894 baada ya askari wa Wajerumani kuuparamia ukuta huo. Kanuni hiyo inajulikana hata kwa vijana wa leo wanaocheza Minecraft, mchezo wa kompyuta wa kujenga kwa matofali uliotolewa rasmi mwaka 2011 na kampuni ya Mojang ya Uswidi: humo buibui hukwea ukuta uliosimama wima, na mchezaji huwazuia kwa kuweka juu ukingo unaochomoza nje. Wajenzi wa Maniema walimwekea adui wao kizuizi chini, miguuni pake, badala ya kumwekea juu, lakini walikuwa wakijibu swali lile lile.

Mabadiliko ya kisiasa ndiyo yaliyoleta maboma hayo katika mtihani wao mkuu. Mwaka 1887 Tippu Tip alikubali kuwa liwali wa Maporomoko ya Stanley kwa niaba ya Dola Huru ya Kongo, nchi iliyomilikiwa na Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, na mwaka 1890 akaondoka kurejea Zanzibar, akimwacha mwanawe Sefu akiwa mtu mkubwa wa Kasongo. Ushindani wa pembe za ndovu ukageuka vita mwaka 1892. Pigo la kwanza kwa upande wa Sefu halikuwa la risasi: Gongo Lutete, kiongozi wa kivita aliyetawala sehemu za Lomami kwa niaba ya watu wa Kasongo, alihamia upande wa Dola mwezi Septemba mwaka huo pamoja na maelfu ya wafuasi waliozijua njia, vivuko na desturi za mabwana wao wa zamani.

Jambo hilo lilirudiwa mtoni. Nyangwe ilikuwa ukingo wa pili wa Lualaba, na maji yake mapana yalikuwa ngao kuliko uzio wowote; lakini mitumbwi ilikuwa mikononi mwa Wagenia, wavuvi wa mto ambao hawakuwa na sababu ya kuwapenda wenye soko, nao wakaitoa kwa jeshi la Dola lililoongozwa na Francis Dhanis. Mwinyi Mohara, bwana wa Nyangwe, alikuwa amekwisha kuuawa Januari 1893, na mji ukatwaliwa tarehe 4 Machi. Kasongo ilishambuliwa tarehe 22 Aprili ikaanguka siku hiyo hiyo. Sidney Hinde, daktari Mwingereza aliyelitumikia jeshi hilo na kuchapisha kitabu mwaka 1897 juu ya vita hivyo, alieleza jinsi washindi walivyostaajabia magodoro ya hariri, samani na mashamba ya mji huo.

Hata hivyo vita havikuisha, na ndipo maboma yalipoonyesha uwezo wake. Muhammad bin Khalfan, aliyeitwa Rumaliza, tajiri mwenye makao Ujiji, aliingia Maniema na jeshi kubwa mwaka huo wa 1893, akasonga kutoka Kabambare kuelekea Kasongo huku akijenga boma baada ya boma. Katika mapigano ya Oktoba na Novemba Dola ilipoteza maofisa, akiwemo Pierre Ponthier, na Sefu naye akafa kabla ya mwaka kwisha. Ukuta wa magogo na udongo humeza risasi, na aliyejaribu kuufikia kwa miguu alikutana na handaki akiwa chini ya mitutu. Kwa majuma kadhaa, jeshi lenye bunduki za kisasa lilibaki kulitazama boma kwa mbali.

Suluhisho lilikuja kutoka juu. Tarehe 14 Januari 1894 kombora la mzinga wa Krupp liliruka uzio na kuangukia paa la nyasi ndani ya mojawapo ya maboma makuu ya Rumaliza. Moto ukashika nyumba moja baada ya nyingine, ghala la baruti likalipuka, na waliokuwa ndani wakajikuta wamefungiwa na ukuta ule ule waliojikinga nao, wengi wakauawa walipokuwa wakijaribu kutoka. Maboma ya jirani hayakuunguzwa. Yalikatiwa njia ya maji, na ndani ya siku tatu watu wake wakasalimu amri, mateka wakizidi 2,000. Tarehe 25 Januari Kabambare ikatwaliwa, na Rumaliza akakimbilia upande wa Wajerumani. Mwaka mmoja kabla yake, Januari 1893, Mtemi Isike wa Unyanyembe alikuwa ameilipua baruti yake mwenyewe ndani ya ngome yake ya Tabora ili asitekwe hai. Baruti iliyopaswa kuilinda ngome ilikuwa pia udhaifu wake mkubwa.

Washindi hawakuyaacha maboma. Dola ilijenga vituo vyenye uzio Kasongo na Kabambare, wakazi wakalazimishwa kuvilisha na kuvifanyia kazi, na Novemba 1898 askari wa Dola yenyewe walioasi waliitwaa Kabambare kutoka kwa maofisa wao. Gongo Lutete hakuliona hilo, kwa maana waliompokea kama rafiki walimhukumu na kumwua Septemba 1893. Mwenendo wa matukio hayo unaonyesha kwamba uzio wa Maniema haukushindwa na mpandaji hata mara moja katika vita vyake vikubwa. Ulishindwa na paa la nyasi, na maji yaliyokuwa nje ya ukuta, na mvuvi na mshirika ambao hawakuona faida ya kuulinda. Ngome iliyojengwa kwa ajili ya kujilinda dhidi ya majirani ilikosa majirani wa kuitetea siku ya haja, na hiyo, kuliko mzinga wa Krupp, ndiyo sababu ya msingi ya anguko lake.